Nani Alimfundisha Trudy? Uhakiki wa Filamu ya Young Woman and the Sea

Filamu inayomhusu mshindi mashuhuri huwa na tatizo kabla hata haijaanza: mtazamaji anajua itakavyokwisha. Anayefungua Young Woman and the Sea, filamu ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Joachim Rønning, anajua kwamba Gertrude Ederle, ambaye nyumbani kwao aliitwa Trudy, ataogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza na kuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Habari hiyo imo katika historia ya michezo tangu tarehe 6 Agosti 1926. Kwa hiyo taharuki ya filamu haiwezi kusimama juu ya swali la "je, atafika?" Inabidi itafute swali jingine. Waandaaji wamechagua swali la "nani alimzuia?" Katika makala hii ninadai kwamba swali hilo limeipa filamu msisimko, lakini limeifanya ipite haraka juu ya swali zito zaidi, ambalo kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika ndilo lenye faida: nani alimfundisha?

Kwanza muhtasari, kwa ajili ya msomaji ambaye hajaitazama. Trudy (anayeigizwa na Daisy Ridley) ni binti wa muuza nyama, mhamiaji wa Kijerumani anayeishi New York. Utotoni anaugua surua, nusura afe. Anapona, lakini masikio yake yanabaki na kasoro. Mama yake anaamua kwamba mabinti zake lazima wajue kuogelea. Trudy na dada yake Meg (Tilda Cobham-Hervey) wanafikia bwawa la Charlotte Epstein (Sian Clifford), mwanamke anayewafundisha wasichana mchezo ambao wakubwa wa michezo hawautaki. Trudy anakuwa hodari, anakwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, kisha anaamua kuvuka mlango-bahari unaozitenga Ufaransa na Uingereza. Jaribio la kwanza, chini ya kocha Jabez Wolffe (Christopher Eccleston), linashindikana. La pili, akisaidiwa na Bill Burgess (Stephen Graham), linafaulu. Mswada umeandikwa na Jeff Nathanson kutokana na kitabu cha Glenn Stout kilichotoka mwaka 2009.

Msuko huu ni wa moja kwa moja. Tukio linazaa tukio, na mtazamaji hapotei njia hata kidogo. Baadhi ya wahakiki huudharau msuko wa namna hii na kuuita wa kizamani. Mimi siuoni kuwa kasoro. Ngano zetu nyingi za Kiafrika zina umbo hilohilo: mtoto dhaifu, safari, zimwi njiani, kurudi nyumbani kwa vigelegele. Swali la mhakiki si kama umbo ni la kale, bali limebebeshwa nini.

Nguvu ya kwanza ya filamu hii ni mandhari ya maji. Sehemu za bahari zilipigwa katika Bahari Nyeusi, upande wa Bulgaria, na Ridley mwenyewe aliingia majini. Mtazamaji anaiona tofauti hiyo. Maji hayakupambwa. Ni ya kijivu, ni baridi, yanampiga mwogeleaji usoni na hayampi nafasi ya kuonekana mrembo. Katika sehemu ambapo Trudy anapita katikati ya konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha mwili, hakuna hotuba wala maelezo marefu. Kuna mwili unaoumia na mikono isiyosimama. Ziwa letu nalo lina konyeza wake, wadogo na wasiodhuru, ambao watu wengi wa Bujumbura hawajui kama wapo. Lakini hata asiyewahi kuona konyeza anaelewa sehemu hiyo, kwa kuwa inamfundisha kwamba adui wa mwogeleaji wa masafa marefu si wimbi moja kubwa la ghafla, bali ni maumivu madogo yasiyokoma.

Nguvu ya pili ni mama. Gertrud, anayeigizwa na Jeanette Hain, ni mhusika ambaye ningependa kumwandikia insha nzima. Karibu na mwanzo, wakati binti yake yu mgonjwa kitandani, chombo kinaungua majini na wanawake wengi wanakufa hatua chache tu kutoka nchi kavu. Mama anauliza kwa nini hawakujiokoa, na jibu ni kwamba hawakujua kuogelea, kwa sababu hakuna aliyewafundisha wanawake kuogelea. Kutokana na jibu hilo anafanya uamuzi ambao baba wa nyumba hakuutarajia. Ni tukio fupi, lakini ndilo mzizi wa kila kinachofuata. Trudy havuki bahari kwa sababu alizaliwa shujaa. Anavuka kwa sababu kuna mwanamke aliyehesabu maiti na kuona kwamba mabinti zake wawili wangeweza kuwa miongoni mwao.

Hapa historia inatudai uangalifu. Ajali mashuhuri ya namna hiyo katika New York ni ya meli ya General Slocum, iliyoungua tarehe 15 Juni 1904 ikiwa imebeba familia za Kijerumani zilizokuwa zikienda matembezi ya kanisa. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Trudy alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1905, yaani zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Filamu inayo haki ya kusogeza miaka ili mama na msiba vikutane katika nyumba moja, maana sanaa si daftari la tarehe. Ila kuna jambo jingine lililodondoka njiani. Watu wa General Slocum hawakufa kwa kutojua kuogelea peke yake. Mipira ya kuzimia moto ilikuwa imeoza na ikapasuka. Maboya ya kujiokolea yalikuwa mabovu. Mabaharia hawakuwa wamefanya mazoezi ya kuzima moto. Kwa maneno mengine, kulikuwa na wenye chombo waliopaswa kujibu. Filamu inaposema tu kwamba wanawake hawakujua kuogelea, inawaweka marehemu mahali pa washtakiwa.

Ninalisema hili kwa sababu ukanda wetu wa maziwa makuu unaujua msiba wa namna hii. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, katika Ziwa Viktoria, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara, pwani ikionekana, nayo pia ikiwa imejaa kupita kiasi. Kujua kuogelea kungewaokoa baadhi. Chombo kisichojazwa kupita kiasi kingewaokoa karibu wote. Mambo haya mawili lazima yasemwe pamoja, na filamu imelisema moja tu.

Hata hivyo, lile moja lililosemwa limetufikia. Ninakaa Musaga, kusini mwa Bujumbura. Mtaa wetu umepanda mlimani, na mahali palipo wazi unaliona ziwa likiwa limetandazwa chini, na usiku unaziona taa za Uvira, upande wa Kongo. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachozidi mita 1,400, na duniani linapitwa kwa kina na Ziwa Baikal la Urusi tu. Tunakula ndagala na mukeke kutoka humo. Tunapanga misimu ya mvua kwa kuutazama uso wake. Lakini tulipoitazama filamu hii, wasichana saba tumebanana mbele ya kompyuta moja, na nikauliza nani kati yetu anaweza kuogelea hata mita ishirini, hakuna aliyenyanyua mkono. Wavulana wawili waliokuwa wamesimama mlangoni walisema wao wanaweza. Walijifunza wangali wadogo, bila mwalimu na bila ruhusa.

Kwa hiyo tukaanza kubishana juu ya filamu, na ubishi wenyewe ulihusu maadui wa Trudy. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wake mkubwa.

Adui wa kwanza ni James Sullivan, mkuu wa michezo anayewabeza wanawake na kuwawekea masharti. Adui wa pili ni Wolffe, kocha anayemhujumu mwanafunzi wake mwenyewe. Kwa istilahi za darasani tungewaita wahusika bapa: hawabadiliki, hawana shaka, hawana historia, kazi yao ni kusimama njiani ili shujaa awapite. Sasa tazama historia. James Sullivan wa kweli, aliyekuwa na sauti kubwa katika michezo ya ridhaa ya Marekani na kweli aliwapinga wanawake waogeleaji, alifariki mwaka 1914. Trudy alikuwa bado hajafikisha miaka 9. Filamu imemfufua mtu aliyekuwa kaburini kwa miaka kumi ili ipate uso wa kuuchukia. Ama Wolffe wa kweli, yeye alijaribu kuvuka mlango-bahari huohuo mara 22 na hakufika hata mara moja. Hebu fikiria mwandishi wa tamthilia akiwa na mhusika kama huyo mkononi! Mtu aliyeshindwa mara 22 anaajiriwa kumwongoza msichana wa miaka 19 ambaye huenda akafaulu mara ya kwanza au ya pili. Kuna wivu humo, kuna huruma, kuna hofu, kuna uzee. Agosti 1925 ni yeye aliyeamuru Trudy aguswe na kutolewa majini, na Trudy akashikilia kwamba alikuwa akipumzika tu, bado ana nguvu. Mgogoro huo ungetosha kabisa. Filamu imeuacha, ikachukua hila.

Kwa nini hili ni kosa la maudhui, na si la fani peke yake? Kwa sababu linatufundisha kwamba mwanamke huzuiwa na watu wabaya. Kama ni hivyo, dawa ni nyepesi: waondoe wabaya, njia iko wazi. Lakini kati yetu saba hakuna aliyewahi kuzuiwa na mtu mbaya. Mama yangu si katili. Kaka yangu alipokuwa akirudi jioni na mchanga wa ufukweni kwenye nywele, aligombezwa, akapewa chakula, yakaisha. Mimi nilikatazwa kabla hata sijaomba. Sababu zilikuwa viboko, mamba, na watu watasema nini. Mbili za kwanza ni za kweli. Viboko huonekana hadi kwenye fukwe za mji, na mamba wa Rusizi si hadithi. Lakini kiboko habagui mvulana na msichana. Ile sababu ya tatu ndiyo iliyobagua, na ile ya tatu haina mtu mmoja unayeweza kumwonyesha kidole. Imo katika maneno ya majirani, katika nguo zinazopatikana dukani, katika bei ya mabwawa ya hoteli, katika ratiba ya msichana anayetakiwa kuwa jikoni saa ambayo mvulana yuko huru.

Filamu inalijua jambo hili pale tu inapomtazama Meg. Meg naye ni mwogeleaji mzuri. Hakuna anayemhujumu. Anapendwa, anashauriwa, anaelekezwa katika njia ya ndoa ambayo wazazi wanaiona inafaa, na polepole maji yanatoka katika maisha yake. Hapana kelele, hapana zimwi. Kwangu mimi Meg ndiye mhusika wa kweli kuliko wote, na ndiye mhusika duara pekee: anampenda mdogo wake, anamwonea wivu, anamtetea, anaumia. Wasichana wa Musaga waliofika darasa la mwisho la sekondari pamoja nami, kisha sauti zao zikapungua moja baada ya nyingine, watamtambua mara moja. Laiti Sullivan angenyamaza na Meg akapewa dakika zake.

Nimerudi sasa kwenye swali langu: nani alimfundisha? Filamu inamwonyesha Charlotte Epstein kama mwanamke mmoja jasiri mwenye bwawa. Ni kweli alikuwa jasiri, lakini alichokijenga kilikuwa kikubwa kuliko bwawa. Mwaka 1917 aliongoza kuanzishwa kwa Chama cha Wanawake cha Kuogelea cha New York. Kocha wao, Louis Handley, alijitolea kuwafundisha. Wakati huo wanaume wengi waliojaribu bahari waliogelea kwa mtindo wa chura, taratibu, kichwa juu. Wasichana wa chama hiki walifundishwa mtindo wa kutupa mikono mbele kwa zamu huku miguu ikipiga maji bila kukoma, na wengi waliamini kwamba mtindo huo utamchosha mtu baharini kabla hajafika popote. Trudy aliuchukua mtindo huo wa bwawani akaupeleka kwenye mlango-bahari. Mwaka 1924 alikuwa tayari ana medali tatu za Olimpiki: dhahabu katika kupokezana mita 100 mara nne, na shaba mbili, za mita 100 na mita 400. Juni 1925 aliogelea kutoka ncha ya Manhattan hadi Sandy Hook, New Jersey, umbali wa kilomita kama 35, kwa saa 7 na dakika 11.

Ukiyajua haya, tukio la 1926 linabadilika sura. Kabla yake waliovuka walikuwa wanaume watano tu, kuanzia Matthew Webb mwaka 1875, na aliyekuwa na kasi kuliko wote alitumia zaidi ya saa 16 na nusu. Trudy alitumia saa 14 na dakika thelathini na kitu. Aliupita muda wa wanaume wote kwa takriban saa mbili, na hakuna mwanamke aliyeuvunja hadi mwaka 1950. Saa mbili si tofauti inayoletwa na hasira dhidi ya Sullivan. Ni tofauti inayoletwa na mbinu bora, na mbinu huletwa na mwalimu, na mwalimu huletwa na chama kilichokodi bwawa na kukusanya ada. Filamu inaipitisha Olimpiki haraka, inaugeuza mwaka mzima uliopo kati ya jaribio la kwanza na la pili kuwa muda mfupi tu, na hivyo kazi ya miaka inaonekana kama mlipuko wa moyo. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba penye nia kuna njia. Methali ni nzuri, lakini bila mwalimu, nia ya kuogelea ni njia ya kuzama.

Hata vifaa vina hadithi ambayo ingefaa kupewa nafasi zaidi. Nguo za kuogelea za wanawake za enzi hizo zilikuwa nzito, zikinywa maji na kuukwaruza mwili. Trudy na Meg walibuni vazi la vipande viwili lisilomvuta chini. Miwani yake waliiziba kwa nta ya mshumaa ili chumvi isiingie machoni. Mwili aliupaka mafuta mazito dhidi ya baridi. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini methali hiyo inachukulia kwamba kuvua nguo ni jambo jepesi. Kwa mwanamke ndilo jambo la kwanza gumu. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulilielewa hilo: wasichana walifundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote, yasiyogongana na dini wala desturi yao, na picha walizopigwa na Anna Boyiazis zikapata tuzo katika shindano la World Press Photo la mwaka 2018. Dada wa New York walipunguza kitambaa, dada wa Nungwi waliongeza, na wote walikuwa wakitatua tatizo lilelile: namna ya kuingia majini bila kulazimika kwanza kuondoka katika jamii yako.

Inafaa kuilinganisha filamu hii na mbili nyingine za karibuni. Nyad, ya mwaka 2023, inamhusu Diana Nyad, aliyeogelea kutoka Kuba hadi Florida mwaka 2013 akiwa na miaka 64. Filamu hiyo inampa nafasi kubwa rafiki na kocha wake, Bonnie Stoll, na inamwonyesha nahodha anayesoma mikondo. Shujaa wake anaudhi, anajisifu, anasahau wenzake, na filamu haimfichi. Hapo ndipo inapoizidi Young Woman and the Sea, ambayo Trudy wake ni mwema kupita kiasi. The Swimmers, ya mwaka 2022, inawahusu dada wawili wa Syria, Yusra na Sara Mardini, ambao mwaka 2015 mashua yao ya wakimbizi ilipoharibika katika Bahari ya Aegean waliingia majini ili kuisaidia ifike. Katika filamu hiyo hakuna mtu aliyechagua bahari. Bahari imewachagua.

Kwa Mrundi, filamu hiyo ya pili ndiyo inayogusa kidonda. Mei mwaka huohuo wa 2015 makumi ya maelfu ya watu wetu walijikuta Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakisubiri kupelekwa Kigoma kwa meli, ikiwemo ile MV Liemba ya tangu enzi za Wajerumani. Tangu hapo maji yenyewe nayo yametufuata. Miaka ya karibuni ziwa limepanda hadi kuingia katika nyumba za Gatumba na mitaa ya ufukweni. Kwa hiyo kuogelea kwetu hakuwezi kuwa suala la medali peke yake. Medali hatuzidharau. Tunajivunia dhahabu ya Vénuste Niyongabo ya mwaka 1996 na fedha ya Francine Niyonsaba ya mwaka 2016, zote za mbio za nchi kavu. Elsie Uwamahoro naye aliibeba bendera yetu majini, katika mita 50 za mtindo huru, London mwaka 2012. Lakini nchi yenye ziwa kama hili inapaswa kuwa na maelfu ya wasichana wanaoweza kukaa juu ya maji kwa dakika kumi, hata kama hakuna hata mmoja atakayekwenda London.

Na sinema imelifanyia nini ziwa letu? Mwaka 2007 kampuni za Marekani zilitoa filamu ya Primeval, inayosemekana kutokea Burundi, ingawa ilipigwa Afrika Kusini. Mhusika wake mkuu ni Gustave, yule mamba mkubwa anayejulikana hapa. Watu wa nchi wamewekwa humo ili waliwe au wauane. Ndivyo tulivyoonekana: maji yetu yana meno, na sisi ni chakula. Sisemi mamba asitajwe. Ninasema kwamba ziwa lililoonyeshwa kwa ulimwengu kama tumbo la mnyama lina haki ya kuonyeshwa siku moja kama darasa. Mtunzi wa Kirundi au wa Kiswahili atakayeandika mswada huo ana mengi ya kujifunza kutoka kwa Rønning katika kupiga picha za maji, na mengi ya kuyakwepa katika kuchora maadui.

Filamu inafika kileleni kwa mioto iliyowashwa ufukweni gizani ili Trudy aone pa kuelekea, kisha inafunga kwa shangwe za New York, ambako watu wapatao milioni mbili walijitokeza kumpokea. Mioto ile ni picha nzuri kuliko zote, kwa kuwa kwa mara moja filamu inakiri kwamba hakuna anayefika peke yake. Lakini maisha ya Trudy hayakuishia kwenye shangwe. Wiki tatu tu baadaye Mille Gade Corson, mama wa watoto wawili, alivuka pia, na magazeti yakaanza kutafuta habari nyingine. Mwaka 1933 Trudy alianguka kwenye ngazi akaumia vibaya uti wa mgongo. Usikivu wake ulizidi kufifia hadi akawa karibu kiziwi kabisa. Alifariki tarehe 30 Novemba 2003, akiwa na miaka 98. Katika miaka hiyo mirefu alifanya kazi ambayo filamu imeiachia maandishi machache ya mwisho: aliwafundisha kuogelea watoto viziwi katika shule ya Lexington, New York.

Mimi ningeifunga filamu pale. Mwanamke asiyesikia, bwawa la shule, watoto wasiosikia, hakuna muziki, hakuna hotuba. Mkono wake chini ya tumbo la mtoto, kisha mkono unaondolewa na mtoto habaki akizama. Tukio hilo lingemrudisha mtazamaji kwa yule mama wa mwanzo aliyeuliza kwa nini wanawake hawakufundishwa, na lingekuwa jibu lake.

Pamoja na kasoro hizi, ninawashauri wenzangu waitazame, hasa wakiwa na mama zao na shangazi zao, na wasiwaache waondoke kabla ya ubishi. Waulizane ni nani Meg katika nyumba yao. Waulizane mwalimu wa kuogelea anapatikana wapi katika mji huu, kwa bei gani, na kama binti anaweza kumfikia. Sullivan tumeshamzoea, na kumshinda kwenye skrini hakumfundishi mtu yeyote kupumua majini.